Maswali yenu ya Hosea: Gomeri, semina na umande

Wengi mlitaka tusome Hosea, kile kitabu cha nabii kwenye Agano la Kale, haya, maswali ndo haya, nimeyafupisha kidogo msinilaumu.

Kweli Mungu alimwambia nabii aoe malaya?

Ndo ilivyoandikwa, sura ya 1 hapohapo mwanzoni, anaitwa Gomeri binti Diblaimu. Wengine wanasema ni mfano tu, mi naisoma kama ilivyo maana yale majina ya watoto si mchezo, wa mwisho anaitwa Lo-ami yaani "si watu wangu", fikiria unamwita mtoto hivyo aje kula na majirani wanasikia kila siku. Hayo ndo mahubiri yenyewe, taifa limemwacha Mungu kama mke anavyomwacha mumewe. Israeli ya kaskazini enzi za Yeroboamu wa pili hela ilikuwepo, mavuno yapo, halafu shukrani anapewa Baali, mungu wa Wakanaani, eti ndo mleta mvua.

"Watu wangu wanaangamizwa kwa kukosa maarifa", Hosea 4:6. Mchungaji wetu anaitumia kutuhimiza tulipie semina ya ujasiriamali. Yuko sahihi?

Aisee. Semina nendeni, hakuna ubaya, ila hiyo aya isomeni mpaka mwisho, watu wanaikatia katikati. Inaendelea kwamba kwa kuwa wewe umeyakataa maarifa, nami nitakukataa usiwe kuhani kwangu. Umeona anayeambiwa? Kuhani! Wanaoangamia ni waumini ila aliyewanyima ni mwenye madhabahu, tena aya ya 8 inasema makuhani wanakula dhambi ya watu, maana watu wakizidi kukosea sadaka nazo zinazidi kuletwa na nyama inaongezeka mezani kwao. Na maarifa yenyewe ni kumjua Mungu, anza aya ya 1 na ya 2 utaona yakikosekana kinabaki nini: uongo, kuua, kuiba, uzinzi. Ila kama hiyo semina itagusa na mizani ya kuibia wateja, hapo sawa kabisa, imo sura ya 12 aya ya 7.

Mume wangu ana mchepuko, wazee wa kanisa wananiambia nivumilie kama Hosea.

Pole sana dada. Lile lilikuwa agizo lake yeye, la kuwaonyesha taifa walichomfanyia Mungu, si ushauri wa ndoa kwa kila mtu. Na hata yeye hakunyamaza, sura ya 2 ni malalamiko matupu, tena ina vitisho vya kumvua mke nguo ambavyo mi sipendi kabisa kusikia vikihubiriwa kwa wanaume. Alipoenda kumrudisha, sura ya 3, alilipa shekeli 15 za fedha na shayiri juu yake (inaonekana keshi haikutosha), halafu akaweka masharti, utakaa kwangu siku nyingi na hutakuwa na mwanamume mwingine. Sasa huyo wako kapewa masharti gani? Wazee wamwite yeye kwanza. Na kama kuna kipigo au hofu ya magonjwa nenda hospitali, nenda kwa ndugu zako, usisubiri kikao.

Huyu Hosea ndo yule mfalme wa 2 Wafalme 17?

Hapana, yule ni Hoshea mwana wa Ela, mfalme wa mwisho wa Israeli ya kaskazini, mji mkuu wake Samaria. Huyu wetu ni mwana wa Beeri.

Sasa mwishoni walihukumiwa au walisamehewa? Mbona anatuchanganya?

Vyote. Samaria ilizingirwa na Waashuri miaka 3, ikaanguka kama 722 KK, watu wakahamishwa kweli. Ila soma sura ya 11, Mungu anaongea kama mzazi aliyemfundisha mtoto kutembea, anatangaza adhabu halafu anashindwa kumalizia, anauliza nikuacheje Efraimu (ndo hao hao Israeli ya kaskazini), na sababu anayoitoa inanishangaza kila nikiisoma, eti kwa kuwa yeye ni Mungu wala si mwanadamu. Sisi tungesema basi ndo ana haki ya kumaliza kazi! Sura ya 6 alilalamika kwamba fadhili zao ni kama umande, jua likitoka umekauka. Sura ya 14 anasema yeye mwenyewe atakuwa umande kwao.