Utando mwekundu kwenye tangi la matumbawe

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina tangi la maji chumvi la lita 200 sebuleni, lenye matumbawe laini na samaki wawili wadogo. Mchanga umefunikwa na utando mwekundu unaoteleza. Nikiutoa leo, keshokutwa umerudi. Maji yakipungua najazia ya bomba, na jirani anasema floridi ya Arusha ndiyo inayonitesa. Nimeshanunua erithromaisini duka la dawa. Niweke kiasi gani?
Msomaji, Njiro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwa sasa usiweke hata kidonge kimoja.

Floridi jirani anaionea. Imetuharibia meno, sikatai, lakini maji ya bahari yenyewe yana floridi kama miligramu 1.3 kwa lita. Huo utando ni sainobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, nao hushibishwa na fosfeti na naitreti, virutubisho vilivyoyeyuka majini. Ukibanduka vipande vipande kama ngozi ya uji uliopoa, ndio wenyewe. Ukiwa vumbi la kahawia, hao ni diatomu, mwani mdogo sana unaopenda madini ya silika yaliyomo katika maji yetu ya miamba ya volkano. Hiyo ni kesi nyingine.

Bomba lina kosa lake hata hivyo. Maji yanapopungua kwa mvuke, kinachoondoka ni maji matupu, vilivyoyeyuka ndani vinabaki. Unajazia ya bomba, unaongeza vingine juu yake, wiki hadi wiki. Jazia maji yaliyochujwa hadi kipimo cha TDS, yaani jumla ya vilivyoyeyuka majini, kisome karibu na sifuri. Usiamini dumu lolote la maji ya kunywa, maana wauzaji wengine huyarudishia madini.

Sasa kazi. Nyonya utando kwa mpira mwembamba, usiusugue ukasambaa, huku ukibadilisha asilimia 10 hadi 15 ya maji. Tazama umejazana wapi: kwa kawaida ni pale maji yamelala. Geuzia pampu huko. Na chakula, jamani! Samaki wawili wadogo, unawalisha kama wageni wa harusi? Kidogo tu, kiishe papo hapo. Utando ukikaidi, zima taa siku 3, funika tangi kwa shuka nzito. Matumbawe laini huvumilia. Kisha nyonya mabaki.

Erithromaisini inawaua kweli hao sainobakteria, ndiyo maana naiogopa. Utando wote ukifa kwa mkupuo unaoza, na uozo unakula oksijeni. Hapa tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yetu hubeba oksijeni pungufu kuliko ya Dar. Umeme ukikatika usiku huo, pampu ikasimama, asubuhi unaokota samaki. Halafu hiyo ni dawa ya watu. Kuimwaga ovyo ni kuwafundisha bakteria usugu.

Mwezi ukiisha bado unauona, niandikie kipimo cha fosfeti na pampu inaelekea wapi. Tutaizungumza dawa hapo.