Bastola yenye cheti na shambulio la madukani

Je, mwenye cheti cha kumiliki bastola anaruhusiwa kuitumia magaidi wakivamia? Naam, sheria ya Kenya inaruhusu. Raia mwenye cheti aliyekutwa na magaidi sokoni au kwenye maduka ya Nyali, Mombasa, anaweza kutumia bastola yake kuokoa roho yake au ya mwenziwe, kwa nguvu inayolingana na hatari. Umiliki wa bastola unatawaliwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Cheti chenyewe huandikwa aina ya silaha na idadi ya risasi, hupaswi kuzidisha. AK-47 na nduguze usithubutu, kupatikana nayo ni kifungo cha maisha.

Magaidi walipovamia jengo la maduka la Westgate kule Nairobi, Septemba 2013, raia wenye vyeti waliingia bega kwa bega na polisi wasio na sare wakatoa watu wengi. Lakini balaa liko hapa, tena kubwa: askari anayeingia mbio hana njia ya kukupambanua na mshambuliaji. Akiona chuma mkononi atapiga. Polisi wakifika, weka bastola sakafuni, rudi nyuma hatua kadhaa, inua mikono vidole vikiwa wazi, fuata amri. Na mlango ukiwa wazi, tafadhali toa watoto kwanza, halafu piga 999 au 112.