Kuvu ya mapafu baada ya kupandikizwa figo
Pole dada. Umeuliza kama kuvu ya mapafu ya kaka yako imetoka kwenye figo alilopewa, na kama itawaambukiza watoto nyumbani. Kwa kawaida haitoki kwenye figo, na watoto hawataipata kwake. Inayosumbua zaidi wagonjwa kama yeye inaitwa aspajilasi. Iko kwenye vumbi, udongo, majani yanayooza, nafaka iliyovunda. Sote tunavuta vijimbegu vyake kila siku na mwili unavimaliza kimyakimya. Yeye anameza dawa za kuzuia mwili usilikatae figo, na hizo hizo ndizo zinazodhoofisha kinga.

Mimi ningehofia zaidi mgongano wa dawa. Vorikonazoli, dawa ya kuvu ambayo mara nyingi ndiyo huanzwa, hupandisha takrolimasi (mojawapo ya hizo dawa za kuzuia mwili usilikatae figo) kwenye damu, kwa hiyo daktari hushusha dozi ya takrolimasi, mara nyingi hadi theluthi moja ya dozi ya awali, na kupima damu kila mara. Na kama alishaanzishiwa dawa za TB kwa kukisia (kwetu si ajabu, kikohozi na homa vinafanana), mwambieni daktari leo, msingoje kliniki ijayo. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za TB, huishusha vorikonazoli mpaka haifanyi kazi, inaishusha na takrolimasi, figo likabaki hatarini.

Tiba ya kuvu huchukua angalau wiki 6 hadi 12, wengine zaidi, hata kama kikohozi kimeisha mapema. Kufagia ghala au kugeuza mbolea awaachie wengine.