Asali mbichi kwa mgonjwa wa kemo

Pole sana dada, na mama umpe pole. Unauliza kama asali mbichi ya Tabora, chavua na gundi ya nyuki vitamkinga na madhara ya kemo, yaani dawa kali za saratani, maana mdomo umejaa vidonda na hata uji haupiti. Kumkinga, hapana. Ila asali ya kupaka mdomoni imechunguzwa, hasa kwa wagonjwa wa mionzi ya kichwa na shingo, na baadhi vidonda vyao vilipungua makali.

Shida ni huo ubichi. Kemo hushusha chembe nyeupe za damu, na asali mbichi hubeba vijidudu ambavyo mimi na wewe havitusumbui. Kuichemsha jikoni hakuviui vyote. Usimpe hata kijiko kabla daktari wake hajaona kipimo cha damu, na umwambie kama mama ana kisukari. Chavua na gundi weka kando kabisa. Vinaweza kuleta mzio, na chavua huweza hata kubana pumzi.

Kwa leo asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, mara kadhaa, mswaki uwe laini, uji upoe kwanza. Joto likifika 38, tafadhali usingoje kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.