Jibu kwa dada anayeogopa kushika mimba

Mdogo wangu, umeandika kwamba una miaka 28, ndoa ina miaka mitatu, una kijiti cha uzazi wa mpango mkononi mume hajui, na mawifi wameanza kukuita mgumba. Huna laana, wala si kwamba hupendi watoto. Nimepita hapo.

Nilikuwa na miaka 11 mama mdogo alipokwenda leba akarudishwa amefunikwa kanga. "Ni uzazi," wakubwa wakasema, basi. Nikakua nikijua uzazi ni mnyama anayekula watu. Nilipoolewa, siku zangu zikichelewa hata mbili tu, sili, silali, napima mkojo asubuhi na jioni.

Waliosema "mbona wenzio wanazaa" hawakunisaidia kitu. Aliyenisaidia ni mkunga mmoja, mwaka 2017. Nilikwenda kuchoma sindano ya uzazi wa mpango, akaniuliza: unaogopa nini hasa? Sikuwahi kuulizwa. Nikalia, nikasema damu. Akafunga mlango, akanieleza taratibu. Mtoto akishatoka, mfuko wa uzazi unatakiwa usinyae ili mishipa iliyo pale kondo la nyuma lilipobanduka ijifunge. Usiposinyaa, mama anavuja. Ndiyo maana mara mtoto akitoka mama huchomwa pajani oksitosini, dawa ya kuusinyaza mfuko, na ndiyo maana kliniki hupima wingi wa damu mapema na kusisitiza vidonge vya madini chuma. Yule mnyama wangu akapata umbo, nikaanza kumuuliza maswali.

Usiku huo nilimwambia mume wangu. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema na yeye alikuwa anaogopa kunipoteza. Kwa sababu ya ile sindano ya uzazi wa mpango mimba ilichelewa miezi tisa. Kijiti kikitolewa uwezo hurudi upesi, ujue hilo kabla. Na nisikudanganye, hofu haikuisha. Wiki ya 34 nilikuwa nakesha. Ila nilichagua hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji, na mume akatoa damu.

Asikuambie mtu unadekeza woga. Utafiti wa afya wa taifa hapa Tanzania wa 2015-16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Wa 2022 ukakuta 104. Vimeshuka sana, lakini hao 104 nao wameacha watoto kama mimi nilivyoachwa na mama mdogo.

Kijiti usikitoe kwa maneno ya mawifi. Anza na mumeo, kisha nendeni wote kwa mkunga.

Wangu ana miaka saba sasa. Wa pili sijaamua, na mume wangu anajua kwa nini.