Maswali ya Wasomaji: Dhahabu Ikionekana Kijijini, Nani Hunufaika?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa machungwa wilayani Muheza. Kijijini kwetu wamefika wageni wenye leseni ya kutafuta dhahabu, na tangu siku hiyo hatusikilizani: vijana wanasema ajira imekuja, wazee wanauhofia mto. Tunaambiwa kuwa madini yanaijenga nchi, lakini tunasikia pia kwamba kuna vijiji vilivyopakana na migodi ambavyo havina hata maji ya bomba. Tushike lipi?
Mama wa Muheza

JIBU: Mama yetu, yote mawili uliyoyasikia ni kweli, na yanaweza kuwa kweli mahali pamoja, kwa sababu fedha za madini hazina njia ya kufika kijijini zenyewe. Mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini ambayo mwenye mgodi huilipa Serikali, na kodi huenda Hazina, ushuru wa huduma huenda halmashauri, na kijiji hubaki na kile tu kilichodai mapema na kuandikiwa.

Taifa lenyewe lilichukua muda mrefu kulijua hilo. Sheria ya Madini ya 1998 iliwavutia wawekezaji kwa mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3, na migodi mikubwa ikafuatana: Nzega, Geita, Bulyanhulu. Sheria ya 2010 iliufikisha mrabaha huo asilimia 4, na marekebisho ya 2017, yaliyokuja baada ya usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, kuzuiwa, yakaupandisha hadi asilimia 6 na kuipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa. Wapo waliosema kwamba hatua hizo zingewafukuza wawekezaji, na hofu yao haikuwa ya bure. Hata hivyo naamini zilikuwa za haki, kwa kuwa mbale, yaani mawe yenye madini, ikishatoka ardhini hairudi, na nchi ina nafasi moja tu ya kuiuza.

Kwa nini basi jirani wa mgodi hubaki maskini? Mgodi mkubwa huendeshwa kwa mitambo, kwa hiyo ajira zake ni chache kuliko vijana wanavyotarajia, na nyingi zinataka ufundi ambao kijiji hakijawahi kuufundisha. Faida iliyo karibu zaidi nanyi ni manunuzi: mchele, mboga, machungwa, usafiri, ulinzi na ujenzi. Mgodi ukiagiza vyote hivyo kutoka mbali, mtabakiwa na vumbi la malori. Isitoshe, mgodi una mwisho. Ule wa Nzega ulifungwa 2014, na wa Buzwagi, wilayani Kahama, uliofunguliwa 2009, ulisimamisha uzalishaji 2021. Mchungwa uliotunzwa vizuri huzaa kwa miaka mingi kuliko hiyo. Anayeng'oa shamba lake leo ajue anabadilisha pato la miaka mingapi kwa fidia ya mara moja.

Kuhusu mto, wazee wenu wasipuuzwe. Mwishoni mwa 2003 na katika 2004 watu wengi walimiminika kwenye milima ya Usambara Mashariki, inayofika wilayani kwenu, kutafuta dhahabu, wakachimba hata ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani na kando ya vijito vinavyoulisha Mto Zigi. Maji ya Zigi ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani, na Mabayani ndiyo inayoinywesha Tanga mjini. Atakayejua jinsi dhahabu inavyochenjuliwa na wachimbaji wadogo ataelewa uzito wa jambo hili. Mawe husagwa kwenye karasha, yaani mashine ya kusaga mawe, unga wake huoshwa kwa maji kwenye mwalo, yaani mteremko unaonasa dhahabu, kisha mchanga mzito unaobaki huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki huing'ang'ania dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, na donge linalobaki huchomwa juu ya mkaa, pengine uani kwenye jiko lile lile la kupikia. Mvuke wake huvutwa na mama na watoto, na zebaki iliyomwagika pamoja na maji machafu huingia mtoni, kwenye samaki, na mwishowe kwenye ubongo wa mtoto aliye tumboni. Hasara ya namna hiyo hakuna mrabaha unaoweza kuilipa.

Kwa hiyo itisheni mkutano mkuu wa kijiji sasa, wakati wageni bado wanatafuta, wala msisubiri waanze kuchimba. Takeni kuiona leseni yao: ya utafutaji haimpi mtu ruhusa ya kuchimba na kuuza. Kabla ya kuingiwa shambani, mwenye shamba adai makubaliano ya maandishi na fidia iliyotathminiwa, wala asikubali maneno ya mdomo. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za aina hiyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni wenyewe na kuweka alama. Tangu 2017 mwenye leseni ya kuchimba anatakiwa kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Mwambieni diwani wenu aupeleke mradi wenu wa maji katika mpango huo, ukiwa na gharama na tarehe.

SWALI: Mdogo wangu anataka kuacha uvuvi hapa Pangani aende kuchimba dhahabu Handeni. Je, nimzuie?
Msomaji, Pangani

JIBU: Usimzuie, ila muulize anakwenda kufanya kazi kwenye duara (shimo la kuchimbia) la nani na kwa mgawo gani. Leseni ya uchimbaji mdogo imetengwa kwa Watanzania, na mwaka 2019 Serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua pia masoko ya madini ambako dhahabu hupimwa hadharani. Nafuu hizo humfikia kwanza mwenye leseni. Anayeshuka shimoni kwa ahadi ya viroba vichache vya mawe hana mshahara siku mawe yanapokosa dhahabu, na kifusi kikimwangukia, familia yake haina karatasi ya kudai chochote. Akaungane na wenzake katika kikundi kilichosajiliwa na chenye leseni, mgawo uandikwe, naye asishuke kwenye duara lisilo na matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke.