Popo na haki ya kusema "sijakubali"

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki linauliza: ni lini mtu asiye na cheo wala shahada ana haki ya kumwambia mtaalamu kwamba hamwamini? Jibu langu ni kwamba haki hiyo anayo wakati wowote, mradi yuko tayari kupima, kuonyesha alivyopima, na kuyapokea matokeo hata yakimgeukia yeye. Fikra hii nimeipata kwa popo, na kwa kisanduku nilichokilehemu mwenyewe ili niwasikie.

Nianzie mwaka 1793. Lazzaro Spallanzani, padri na mwanasayansi wa Italia, aligundua kwamba bundi akizimiwa mshumaa chumbani hujigonga ukutani, ilhali popo huendelea kuruka bila shida. Akawapofusha popo kadhaa, nao wakapita katikati ya nyuzi alizozitundika bila kuzigusa. Wengine aliwaachia huru, kisha akawanasa tena kwenye mnara wa kanisa kuu la Pavia na kuwapasua. Matumbo yao yalikuwa yamejaa wadudu sawa na ya wenzao wenye macho. Ni ukatili, na siwezi kuusimulia bila kuuita hivyo. Lakini baada ya hapo alifanya jambo ninaloliheshimu sana: aliwaandikia wasomi wenzake akiwaomba warudie jaribio lake. Daktari Louis Jurine wa Geneva akalirudia, akaongeza la kwake kwa kuwaziba popo masikio kwa nta. Hapo ndipo walipoanza kujigonga. Spallanzani naye hakuridhika na barua tu. Aliwapachika popo vijibomba vidogo vya shaba masikioni. Vikiwa wazi, popo aliruka vizuri, vikizibwa, alipotea.

Ushahidi ulikuwa mezani, ila ulikuwa na kasoro moja kubwa: hakuna mtu aliyesikia popo akitoa sauti yoyote ya maana akiwa angani. Georges Cuvier, aliyekuja kuwa bingwa wa elimu ya wanyama wa Ufaransa, akatoa hukumu mwaka 1795 kwamba popo huongozwa na hisia ya kugusa, kupitia ngozi ya mabawa yake. Yeye hakufanya jaribio lolote la popo. Neno lake likashika, na vitabu vikalirudia kwa zaidi ya miaka 100, wakati yeyote mwenye nta na subira angeweza kuona kwamba si kweli. Kinachoniuma zaidi ni kwamba Jurine na Spallanzani walipuuzwa wakiwa wameeleza kila hatua waliyopitia, na aliyesadikiwa ni yule ambaye hakuonyesha hata hatua moja.

Kilichovunja kimya hicho kilikuwa chombo. George Pierce, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa ameunda mashine ya kusikiliza sauti zilizo juu ya uwezo wa sikio la mtu, akiitumia kuwasikiliza wadudu. Mwanafunzi mmoja, Donald Griffin, akampelekea popo wake. Mwaka 1938 wawili hao walitangaza kwamba popo wanapiga kelele nyingi sana, isipokuwa sisi hatuzisikii. Hapa pana jambo la kuzingatia. Mdomo wa mashine ya Pierce ulisikia upande mmoja tu, mwembamba, kwa hiyo popo waliokuwa wakiruka chumbani hawakusikika sawasawa, na wagunduzi wenyewe wakabaki na shaka kama sauti zile zinahusika na kuruka. Miaka michache baadaye Griffin, akishirikiana na Robert Galambos, alirudi na majaribio bora, akamaliza ubishi: popo hupiga kelele, kisha husikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye vitu, na hivyo ndivyo anavyojua njia. Chombo kilikuwa kimewafungua masikio na wakati huohuo kuwaziba upande mmoja.

Sasa nieleze kisanduku changu, maana watu hudhani mambo haya yanahitaji maabara. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na kilohezi 20, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde. Popo wengi wanaokula wadudu hupiga juu ya hapo, wengi wao kati ya kilohezi 20 na 100 na ushei. Maikrofoni ndogo za siku hizi, zile za ukubwa wa punje ya mchele, zinapokea sauti hizo. Kikwazo ni kwamba simu za kawaida huzikata kabla hazijarekodiwa. Njia rahisi ya kuzishusha ni kuchanganya mawimbi. Saketi inatengeneza mtetemo wake, nawe unauchagua kwa kitufe cha kuzungusha kama unayetafuta stesheni redioni. Popo akipiga kwa kilohezi 45 nawe umeweka 43, spika inakupa tofauti: kilohezi 2, sauti ambayo sikio linaipokea bila taabu. Maikrofoni, amplifaya, saketi ya kuchanganya, spika na betri ya volti 9, basi. Anayejua kulehemu bila kuunguza bodi anaweza.

Kabla ya kutafuta popo, kitikise kishada cha funguo mbele ya maikrofoni. Sisi tunasikia mlio mwepesi wa chuma, lakini sehemu kubwa ya sauti hiyo iko juu ya masikio yetu, na spika inalipuka kwa vishindo. Kisha sugua kidole gumba na cha shahada karibu na maikrofoni. Ukisikia mkwaruzo kama wa karatasi ya msasa, kisanduku kinafanya kazi.

Na popo anapopita? Kwanza unasikia "tok, tok, tok", ya mwendo wa kutafuta, kama mara 10 kwa sekunde. Ghafla milio inasogeleana, inabanana, inageuka kuwa "zzzzp" moja ndefu, halafu kimya. Mwishoni kabisa popo anaweza kupiga karibu milio 200 kwa sekunde, kwa sababu mdudu yuko karibu na kila mwangwi unahesabika. Nguvu ya sauti hiyo inashangaza. Popo wengine huvuka desibeli 110 ikipimwa sentimita 10 kutoka mdomoni. Angekuwa anapiga chini kidogo, kwenye masafa yetu, jioni zetu zingekuwa na fujo isiyovumilika. Wapo na nondo wanaojibu: nondo wa Marekani aitwaye Bertholdia trigona hutoa milio yake mwenyewe inayovuruga mwangwi wa popo, na watafiti walilithibitisha hilo mwaka 2009. Vita hiyo yote inapiganwa juu ya vichwa vya watu waliokaa barazani wakidhani kumetulia.

Kisanduku cha namna hii kinakufundisha pia kukitilia shaka chenyewe. Taa za kubana umeme na chaja nyingi hutoa kelele ya juu isiyokoma. Panzi wengi nao huimba juu ya kilohezi 20. Mtu akisikia mlio usio na mwanzo wala mwisho, kwenye kitufe palepale, dakika tano nzima, huyo si popo. Azime taa kwanza, asogee, asikilize tena. Ninalisema kwa msisitizo kwa sababu furaha ya kusikia kitu cha ajabu humfanya mtu aache kuuliza.

Chombo cha aina hii kimewahi kusahihisha hata vitabu. Pipistrellus pipistrellus ni popo mdogo wa Ulaya, anayeonekana sana majumbani na bustanini, na wanasayansi wamemjua kwa jina tangu karne ya 18. Katika miaka ya 1990 watafiti waliokuwa wakilinganisha milio waligundua makundi mawili: moja likipiga karibu na kilohezi 45, jingine karibu na 55. Vinasaba vikathibitisha kwamba ni spishi mbili, na ya pili leo inaitwa Pipistrellus pygmaeus. Kwa karne mbili wasomi waliwashika mkononi, wakawapima mabawa, wakawakausha na kuwaweka makumbusho, na tofauti ikawapita kwa sababu ilikuwa ndani ya sauti.

Sasa niguse jambo la nyumbani kabisa. Kuna vifaa vinavyouzwa vya kuchomeka ukutani, vinavyodaiwa kufukuza panya, mende au mbu kwa sauti tusiyoisikia. Muuzaji anasema, mnunuzi anaamini, maana sikio lake haliwezi kukanusha. Ukielekeza kisanduku cha popo kwenye kifaa hicho utajua mara moja kama kinalia au ni taa tu inayowaka. Ila kikilia, bado hujajua kama mbu anajali. Hilo ni swali jingine, na kipimo chake ni kuhesabu mbu wanaotua mwilini, kifaa kikiwa kimewashwa na kikiwa kimezimwa. Kazi hiyo imeshafanyika. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yalikusanya majaribio 10 ya nje ya maabara, na hakuna hata moja lililoonyesha kwamba vifaa vya sauti vinapunguza mbu wanaotua kuuma. Mwaka 2001 tume ya Marekani inayosimamia biashara na kuwalinda walaji, FTC, iliwaandikia onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa vya kufukuza wadudu na panya kwa sauti, ikiwakumbusha kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi. Ningependa kila anayejiita mtu wa kutoamini mamlaka aanze na muuzaji wa kifaa kile, kwa sababu naye anadai mamlaka: mamlaka ya kusema "niamini" juu ya kitu usichoweza kukisikia.

Wapo watakaosema kwamba popo ni mambo ya starehe, na kwenye hatari ya kweli lazima tuwaachie wakubwa. Tazama Japani. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, kinu cha nyuklia cha Fukushima Daiichi kikavuja mionzi. Serikali ilikuwa na mfumo wa kompyuta, SPEEDI, wa kukadiria mionzi ingeelekea wapi, lakini makadirio hayo hayakuwafikia wananchi kwa wakati. Watu wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, wakakaa huko siku kadhaa, kumbe mionzi ilikuwa imeelekea hukohuko. Baada ya hapo nani angewalaumu kwa kutoamini tangazo?

Kilichonigusa ni walichokifanya waliokuwa na shaka. Kundi la kujitolea, Safecast, liliunda kifaa cha kupima mionzi cha kubeba kwenye gari, kikarekodi kiwango pamoja na mahali kwa GPS. Wakakiita bGeigie, kwa sababu cha kwanza kilionekana kama kontena la chakula la Kijapani, bento. Mchoro wake uko wazi, mtu ananunua vipande na kukiunganisha mwenyewe, na vipimo, ambavyo sasa vimezidi milioni 100, viko huru kwa yeyote kuvitumia. Hawakusimama upande wa wanaopenda nyuklia wala wa wanaoichukia. Kuna mitaa waliyoikuta na mionzi mingi kuliko watu walivyotarajia, na mingine walikuta mionzi ni michache kuliko hofu iliyokuwepo, na yote wakayaweka hadharani. Ninawaamini kuliko msemaji yeyote, kwa kuwa waliweka wazi hata namba zisizompendeza mtu.

Shaka isiyopima nayo ina gharama. "Lisemwalo lipo," watu husema, kisha wanatuma ujumbe mbele. Popo wamelipia sana tabia hiyo. Ni kweli wanaweza kubeba virusi vya hatari, na hakuna anayepaswa kumshika popo kwa mikono mitupu. Kichaa cha mbwa peke yake kinatosha kuwa sababu. Lakini hatua za hasira hazijasaidia. Kule Kitaka, Uganda, wachimba madini waliugua Marburg, homa kali ya virusi, mwaka 2007, kisha popo wa mgodini wakaangamizwa. Popo wengine walipoingia upya, watafiti walipima na kukuta kiwango cha maambukizi kati yao kimezidi mara mbili ya kile cha awali. Mwaka 2012 ugonjwa ukazuka tena katika eneo lilelile. Bila kupima kabla na baada, hadi leo tungeamini kwamba kuua kulikuwa kinga.

Kwa anayetaka kuanza, asiyependa kulehemu anaweza kutafuta AudioMoth, kinasa sauti kidogo ambacho mchoro wake uko wazi na kinachoweza kurekodi hadi masafa ya popo. Andika tarehe, saa, mahali, hali ya hewa na mpangilio wa chombo. Faili ya awali usiiguse. Ukitaka kusafisha sauti, fanya kwenye nakala. Mimi huzihifadhi zote, hata zile zenye mlio wa taa. Akija mtu kesho akasema niliyemrekodi si popo bali ni panzi, nitampa faili nzima na maelezo yake, naye akae asikilize.